Paa Bapa la Gahanga

Shemeji yangu aliporudi kutoka jangwani alikuja na masanduku, mafuta mazito ya udi, na maoni kuhusu kila kitu chini ya jua. Masanduku yalifunguliwa yakagawanywa, udi ukaisha. Maoni hayakupungua.

Ni mume wa mdogo wangu wa kike. Aliondoka Kigali watoto wao wakiwa bado wanavalishwa viatu, akaenda kutengeneza mitambo ya kupoza hewa katika mji mmoja wa Ghuba, mahali ambapo, kwa maelezo yake, ukisahau kijiko ndani ya gari hukishiki tena mpaka jua lizame. Huko alipanda akawa msimamizi wa mafundi. Huku nyumbani alipanda zaidi, bila mtu kumpandisha: akaanza kujiita Injinia. Mama yetu alikuwa wa kwanza kumwita hivyo, na kwa furaha, maana kila aliyetoka Ghuba kuja Kigali alikuja na kitenge cha mama au dawa ya magoti ya mama. Mimi nilimwita shemeji, sikubadilisha.

Familia yetu ilikulia Karagwe, upande wa Tanzania, kabla ya kurudi Rwanda. Kinyarwanda tunakiongea na majirani na kanisani, lakini tukigombana tunarudi kwenye Kiswahili bila hata kujua. Nalisema hili mapema kwa sababu ugomvi upo.

Miaka yote ambayo mumewe alikuwa huko, mdogo wangu aliishi Batsinda, kwenye mtaa ule wa nyumba za bei nafuu zilizofanana kama vikombe vya seti moja. Chumba cha mbele, vyumba vya kulala, mabati juu. Watoto walikulia hapo wakasoma, wakaondoka kila mmoja na njia yake. Kisha ukaja wakati wa kujenga nyumba ya maana, huko Gahanga, ambako jiji linaishia kwenye mashamba ya mihogo yanayoelekea Bugesera. Mumewe aliijenga kwa simu. Alituma picha, akatuma michoro, akatuma tena picha za nyumba za waajiri wake. Mdogo wangu alisimama kwenye vumbi la kiwanja kila Jumamosi na akaomba kitu kimoja tu: paa la mabati lenye mteremko.

"Huku hakuna nyumba ya maana yenye mabati," alijibiwa. "Mabati ni ya mabanda ya kuku."

Aliponisimulia alikuwa anapepeta mchele, na niliona mchele unaruka nje ya ungo. Nikamuuliza kwa nini anakubali. Akasema, "Dada, nyumba ni yake, yeye ndiye anayeumia na jua la watu."

Basi ikajengwa. Sanduku la zege lililopakwa rangi ya maziwa, paa bapa kama meza, limezungushiwa ukuta mfupi. Madirisha membamba, yamewekwa juu karibu na dari, kwa sababu huko alikotoka jua ni adui wa kufungiwa nje. Gahanga jioni upepo unapanda kutoka bonde la mto Nyabarongo, upepo ambao peke yake unatosha kumfanya mtu ahame mjini, na huyu bwana aliujengea ukuta. Juu ya paa alitandika nyasi za plastiki, kijani kibichi ambacho hakuna mmea wowote wa Mungu unacho. Huko ndiko wageni wangekaa, alisema. Ngazi zilipanda kutoka katikati ya sebule hadi kwenye mlango wa kutokea juu.

Alirudi moja kwa moja mwanzo wa kiangazi. Mwaka ule kiangazi kiliburuta miguu. Vumbi jekundu lilikaa juu ya majani ya migomba, juu ya nguo zilizoanikwa, kwenye meno. Mtu mwingine angesema ni Julai, ni Agosti, ndivyo ilivyo. Shemeji hakuwa ameonja mvua ya Kigali kwa muda mrefu, akatoa uamuzi.

"Unaona, mama?" alimwambia mama yetu, tumekaa kwangu Kicukiro tunakula mahindi. "Dunia imebadilika. Hapa panakuwa kama kule."

"Ni kweli, Injinia," mama akasema.

"Na Septemba?" nikauliza. "Umuhindo umefutwa?"

Umuhindo ni mvua zetu za kufunga mwaka. Hata mtoto wa chekechea anajua kwamba zikianza zinaanza kwa hasira. Shemeji alinitazama kwa huruma.

"Shemeji, ninyi hamjaona tufani. Subiri nikueleze tufani. Kule joto likikaribia kukatika, asubuhi unatoka jasho kama kawaida. Mchana anga inageuka rangi ya chai ya maziwa. Upepo unaleta mchanga mpaka huoni mkono wako. Halafu mvua inashuka, ile ya mwaka mzima kwa siku moja, barabara inakuwa mto, magari yanaelea kama vyombo kwenye karai. Kesho yake baridi, watu wanatoa majaketi. Hiyo ndiyo tufani. Hizi zenu ni za kumwagilia maua."

Alisimulia vizuri, siwezi kumnyima. Mama alikuwa ameacha mahindi mkononi.

"Na wewe ulikuwa wapi siku hiyo?" nikauliza.

"Ndani. Ghorofa ya juu kabisa. Nilipiga video."

Nilitafuna mahindi yangu. Mtu aliyeona tufani kupitia kioo, akiwa amekauka na simu mkononi, huyo ndiye atakayekufundisha mvua.

Sherehe ya kuizindua nyumba iliwekwa Jumapili moja ya Septemba, baada ya ibada. Wiki ile joto lilikuwa limebadilika tabia. Halikuwa tena joto kavu la kiangazi, lilikuwa joto la chumba kilichofungwa chenye sufuria inayochemka. Kila alasiri mawingu yalikusanyika upande wa Bugesera, meusi kwa chini, kisha yakatawanyika kama watu waliokosa akidi ya mkutano. Mdogo wangu aliyaona. Asubuhi ya sherehe alimwomba mumewe meza ziwekwe uani, chini ya hema, karibu na mlango.

Shemeji akamwonyesha simu. Ilikuwa na michoro midogo ya jua, mmoja baada ya mwingine.

"Simu haikai Gahanga," mdogo wangu akasema.

Akacheka, akaamuru meza zipandishwe juu.

Wageni walifika na manukato yao. Wazee wa kanisa, wafanyakazi wenza wa mdogo wangu, majirani wa Gahanga ambao nao wanajenga na walikuja kupima ukuta kwa macho. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya umeme, mtu mnene mwenye sauti ya tangazo la redio, aliyezunguka juu ya paa akigonga kila kitu kwa kiganja.

"Iyi nyumba iko kama ya Dubai, kweli kabisa," alisema kwa Kiswahili chetu cha Kigali. "Injinia, wewe iko mutu ya maana. Sisi wengine tunalala chini ya bati kama maharage kwenye chungu."

Watu wakacheka. Nilimwangalia mdogo wangu anagawa soda. Alicheka pia, kwa adabu ya mwenye nyumba.

Mama alikuwa amepandishwa juu kwenye kiti cha plastiki, na wanaume wawili wa kanisani wakitoa jasho na kumsifu kwa uzito wake. Wakamweka katikati ya nyasi za plastiki kama kombe. Akafurahi sana. Alisema anaona mpaka kesho.

Chakula kilipoanza kuliwa, shemeji akasimama kuhutubia. Akampa mtu simu amrekodi. Alieleza jinsi mtu anavyotakiwa kufikiri kwa upana. Alieleza kwamba nyumba inaonyesha mtu amefika wapi. Akafika kwenye neno "maono", na upepo uliokuwa unavuma kidogo ukasimama kabisa, kama umeambiwa unyamaze na mwalimu. Nyasi zile zilianza kutoa harufu ya ndoo iliyoachwa juani. Nikageuka kutazama bondeni. Ng'ambo ya Nyabarongo hapakuwa na mlima tena. Palikuwa na ukuta wa kijivu uliosimama wima, na chini yake mikaratusi ilikuwa inainama yote kwa pamoja.

"Mvua," nikasema.

"Itapita pembeni," shemeji akasema bila kugeuka. "Tukae tu jamani, itapita pembeni."

Na watu wakakaa! Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Watu wazima, waliozaliwa kwenye nchi hii ya mvua, waliona mvua inakuja kwa miguu yake, wakabaki wamekaa na sahani mapajani kwa sababu mwenye nyumba ya zege amesema itapita. Mzee mmoja wa kanisa aliinua uma akaendelea na ndizi.

Kwanza lilikuja vumbi. Liliingia kwenye wali, kwenye macho, likabeba karatasi za kufutia mikono zikapaa kama njiwa. Kisha mwavuli mkubwa wa meza kuu ukang'oka na kuruka ukuta. Ndipo ikaja mvua, na ndani ya mvua, mawe. Barafu za ukubwa wa maharage, halafu za ukubwa wa karanga zenye maganda, zinagonga sahani, zinagonga vipara. Watu wote walikimbilia mlango mmoja. Nilimwona mama mmoja wa kwaya anamsukuma mchungaji wake kwa nyonga. Wale wanaume wawili waliompandisha mama walikuwa wa kwanza kushuka.

Nilivuta meza ndogo nikaiinua juu ya kichwa cha mama, nikajibana naye chini yake.

"Usinizibe," mama akasema. "Nataka kuona."

"Mama, ni mawe!"

"Ndiyo, nayaona. Karagwe yalikuwa makubwa zaidi." Alikuwa anacheka, amelowa hadi kwenye nyusi, mikono ameikinga mbele kama anayepokea karanga.

Maji yalitufikia vifundoni kwa haraka ambayo sikuitegemea. Paa lile lilikuwa na ukuta pande zote na tundu la bomba kwenye kona. Nyasi za plastiki ziliinuka, zikaelea kama mkeka, zikaenda zenyewe kwenye ile kona na kulifunika tundu. Maji yalipokosa pa kwenda yalitafuta mlango, na mlango ulikuwa kwenye ngazi, na ngazi zilikuwa sebuleni.

Shemeji alikuwa amesimama pale pale alipokuwa anahutubia. Suti imemgandia. Alikuwa anatazama juu, mdomo wazi kidogo. Halafu akageuka, akatuona. Akaja, akapiga magoti ndani ya maji mbele ya mama.

"Mama, panda mgongoni."

"Utamwangusha," nikamwambia.

"Sitamwangusha."

"Viatu vyako vinateleza!"

Akavivua, akavitupa, kimoja ukutani na kingine sijui wapi. Nikamsaidia mama kumshika shingo. Tukashuka ngazi zile, maji yanatupita miguuni kwa nguvu, yeye amekunja mgongo, kila hatua anaitafuta kwa vidole, mimi nyuma nimemkamata mama kiunoni. Mama alikuwa anamwelekeza, "Kushoto, Injinia, kushoto." Niliona mishipa ya shingo yake. Niliona mguu wake ukiteleza, akaubana ukutani kwa goti mpaka suruali ikachanika, na hakumwachia. Hakumwangusha. Nalisema kwa sababu ni kweli, ingawa kulisema hakunifurahishi.

Na angeishia hapo, pengine ningebadilisha moyo wangu siku ile ile. Lakini alipofika chini, kabla hata hajamweka mama kwenye kiti, aliwageukia wageni waliosongamana sebuleni akasema, "Mmeona? Nimembeba mwenyewe!"

Sebule ilikuwa bwawa. Umeme ulikuwa umekatika. Maji yalishuka ngazi kwa ngazi, yakisambaa kwenye zulia, chini ya makochi ya mahameli ambayo yalikuwa bado na plastiki miguuni. Wageni walikuwa wamesimama juu ya makochi hayo na viatu vyao. Yule mfanyabiashara alikuwa na sahani yake bado, ameishikilia juu ya kifua, na alikuwa anatafuna. Mdogo wangu alikuwa peku, gauni lake la sherehe amelifunga magotini, anasukuma maji nje kwa fagio. Hakuna aliyemsaidia. Nikachukua rakleti, ule mpira wa kukaushia sakafu, nikaanza upande wa pili.

Shemeji alikaa kidogo akipumua. Kisha akaanza kueleza.

"Tatizo ni bomba. Kule paa linawekewa mabomba makubwa. Huyu fundi wa hapa ndiye aliyeharibu."

Fagio la mdogo wangu likasimama.

"Fundi mwache," akasema. "Fundi alijenga picha uliyomtumia. Mimi niliomba mabati."

"Sasa si wakati wake."

"Wakati wake ni upi? Niliomba kiwanja kikiwa kitupu, ukasema si wakati. Niliomba ukuta ukiwa kiunoni, ukasema si wakati. Asubuhi hii nimeomba tukae chini."

"Wageni wanasikia."

"Wasikie. Nimelala miaka yote chini ya bati, mimi na watoto wako. Mvua ikinyesha hatukusikilizana, tukanyamaza, tukalala. Hakuna aliyelowa. Wewe uliishi jangwani, pole, najua ulichoka. Lakini jangwa hilo umelibeba umelileta hapa, ukaniambia nihamie ndani yake."

Mawe yalikuwa yameacha kugonga kwa ghafla, kwa hiyo maneno ya mwisho yalisikika mpaka uani. Watu walianza kutazama kucha zao. Mama alisema, "Ihangane, mwanangu," yaani vumilia, na sikujua anamwambia nani kati ya hao wawili. Yule mfanyabiashara akashuka kwenye kochi kwa uangalifu. "Basi mvua imesimama," akasema, "sisi tunaenda, tutarudia siku ingine." Wakatoka wote, wakiaga kwa sauti za msibani. Mgeni mmoja alijifungia mishikaki kwenye karatasi. Hakuna hata mmoja aliyesema nyumba iko kama ya Dubai.

Jioni ile mdogo wangu aliingia kwenye gari langu pamoja na mama. Hakulia. Aliomba nimpeleke Batsinda, maana nyumba ile walikuwa hawajaipangisha. Nilimwachia godoro na birika.

Umuhindo ulikuja kila siku baada ya hapo, bila kuomba radhi. Shemeji alibaki Gahanga peke yake na mabeseni. Majirani waliniambia walimwona juu ya paa na suruali imekunjwa, anachota maji kwa ndoo, anayatupa nje ya ukuta. Ndani rangi ilivimba ikawa malengelenge. Kwenye chumba cha kulala ilichomoza alama ya unyevu yenye umbo la kiazi, ikakua.

Mwezi uliofuata alikuja kwangu. Alikaa kwenye ukingo wa kiti.

"Shemeji, naomba uongee na mdogo wako."

"Ongea naye mwenyewe. Batsinda ni karibu kuliko Ghuba."

"Hunipendi," akasema. "Hujawahi kunipenda."

"Sijawahi."

"Kwa nini?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza swali hilo kabla, na nilikuwa na majibu mengi. Nikachagua moja. "Kwa sababu unamjibu mdogo wangu kabla hajamaliza kusema."

Akazungusha kikombe. "Kule," akasema, "hakuna aliyeniuliza ninachofikiri. Unaingia nyumba ya mtu kwa mlango wa nyuma, unatengeneza mtambo, mwenye nyumba anasimama pale, haongei na wewe, anaongea na mwenzake kuhusu wewe. Mimi nilikuwa natazama zile nyumba. Nilisema siku moja na mimi nitakuwa na yangu, na nitakuwa nimesimama mimi."

Nilimsikia. Nilifikiri pia kwamba alikuwa ametoka huko akaja kusimama hivyo hivyo mbele ya mke wake. Nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, na kwa hilo nikamwongezea chai.

Kilichotokea baadaye sikukipanga na sikushirikishwa. Niliambiwa na mama kwenye simu, kama habari ya bei ya nyanya: mdogo wako amerudi kwake. Ilibainika kwamba shemeji alikuwa anapanda moto, hizi pikipiki za abiria, kila Jumatano kwenda Batsinda, amejifunika kipande cha turubai, anakaa sebuleni, anasikiliza. Mdogo wangu alimpa masharti. Mabati juu ya zege, rangi achague yeye. Madirisha yapanuliwe upande wa bonde. Akakubali.

Nilikwenda Gahanga kumwona mwezi wa Desemba, na hasira zangu zote mpya kabisa. Nilimkuta jikoni anamenya viazi, mumewe ametoka.

"Umerudi," nikasema.

"Nimerudi."

"Hivi hivi?"

"Si hivi hivi. Wewe hukuwepo."

"Angalau ungenisubiri nikushauri."

Akaweka kisu chini. "Dada, wewe ungenishauri nimcheke. Unacheka vizuri, mimi mwenyewe najua. Lakini mimi sikuwa na mume miaka mingi, nilikuwa na simu. Sasa nina mtu anayekohoa chumba cha pili. Nataka nione kama nitamzoea."

"Na usipomzoea?"

"Nitakuambia."

Nilikuwa na neno la kusema kuhusu kukohoa. Nililiacha. Nilikunja mikono ya blauzi nikavuta beseni, nikaanza kumenya viazi upande wangu, na tukaongea kuhusu magoti ya mama.